Kiti Chako, Mama, na Daraja la Mafunjo

Mpendwa mama,

Wanataka nikalie kiti chako. Nakuambia hilo kwanza, hata kabla ya salamu, maana wewe hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka na maneno. Jumamosi kijiji kinakutana kumchagua mwenyekiti, na wamenitumia ujumbe huku Ruti, pembeni ya Mbarara mjini, kwamba jina linalotajwa kwenye bomba la maji ni langu. Nimewajibu kwamba nitafika. Kwamba nitakubali, hilo sijawajibu. Kiti kile ndicho kilichokumaliza, mama, na mimi kitinda mimba wako ndiye niliyekaa karibu nikikuona ukiisha.

Siku hizi nakuota hata mchana. Jua likipiga bati nalaza kichwa kando ya cherehani, kidogo tu, nipumzishe macho, na mara naliona ziwa. Ukungu umelala juu ya maji, mafunjo yamesimama kimya, viboko wanakohoa mbali huko, na wewe unavuka kijito pale daraja lilipokuwa. Daraja halipo, lakini wewe unavuka. Kitenge chako cha njano hakilowi. Nakuita, "Mama, angalia, hakuna miti hapo!" Wewe unaniinulia kiganja bila kugeuka, kama ulivyokuwa ukinifanyia nilipokusumbua mbele ya watu: ngoja. Nikiamka nina alama za uzi shavuni, na lori la maziwa linapiga honi kwenye barabara ya Kabale.

Unakumbuka Kabazana, pale wakimbizi tunapopokelewa? Tulilazwa kwenye lile hema refu pamoja na familia ambazo hatukujua hata lugha zao, tukingoja kupewa kiwanja. Wengine walilia, wengine walilala tu wakitazama turubai. Wewe ulikwenda kutazama bomba la maji, ukarudi umefura. "Batu gani hawa? Banapanga bidoni kwa mustari, bao benyewe banaenda kulala! Sisi tunasimama, bidoni zao zinakunywa mbele yetu." Hukungoja mtu. Ulikwenda ukazishika zile bidoni, madumu ya maji yasiyo na wenyewe, moja moja, ukazirudisha nyuma. "Bidoni haina miguu," ukatangaza. "Kama mwenyewe hayuko, irudi nyuma."

Akatokea Mrundi mmoja mrefu, kofia mkononi, mkulima kwa kumtazama tu. Akakuuliza kwa upole, "Mama, nani amekupa ruhusa ya kutoa amri hapa?" Ukamjibu, "Kiu ndiyo imenipa." Yule bwana alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akachukua bidoni yake mwenyewe akaipeleka nyuma, maana naye alikuwa ametoka kulala. Huyo alikuwa Mzee Nestori. Mungu ana mambo yake. Tungejua siku ile yatakayokuja, sijui kama tungecheka.

Tulipopata kiwanja huko Nakivale, upande wa ziwa, watu walimkumbuka mwanamke wa bidoni. Siku ya kuchagua walipanga mstari nyuma ya wale waliowataka, kama inavyofanywa huku Uganda, hakuna karatasi wala sanduku, kila mtu na mgongo wa mtu wake. Na anayegombea anatazama mbele, haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe. Mstari wako ulipinda ukaingia kwenye mihogo ya jirani. Mshindani wako, yule fundi wa baiskeli, aliporuhusiwa kugeuka alikuta nyuma yake amesimama mke wake tu, na mke mwenyewe anakutazama wewe. Tulicheka, alicheka na yeye, akaja kukupa mkono.

Nikikumbuka miaka ile naiona kama kitu kilichopita nyuma ya pazia jepesi. Nakuona umekaa mlangoni, unachambua maharage, na kijiji kizima kinapita kukuuliza. Uliamua fasi ya soko, ukaamua fasi ya kutupa takataka, ukaamua saa ya kuteka maji. Alikuja yule mfugaji wa Kinyankore kutoka upande wa wenyeji, na fimbo yake, ng'ombe wake wenye pembe ndefu wamesimama njiani kama wanangoja hukumu. "Nyabo, hii ngombe yangu sasa nakunywa wapi? Watu yako nalima mpaka kwa maji." Ulikwenda naye ukingoni, mkatembea pamoja, mkachomeka vijiti. Upande huu jembe, upande ule kwato. Mpaka leo ng'ombe wanafuata njia ile ile, ingawa vijiti vilishaoza zamani.

Kumbe hayo ndiyo mambo wanayoyajadili wakubwa mjini wamevaa makoti: madaraka ya walio chini kujipangia yao. Wewe uliyaita kupanga nyumba.

Kisha likaja la kijito. Kiangazi unakiruka, masika kinatukata na barabara ya kwenda kituo cha afya, na njia ya kuzunguka ni ndefu hata kwa mtu mzima wa afya. Mwanamke mmoja alijifungulia ng'ambo ile, majanini, akingoja maji yapungue. Mtoto alipona, lakini wewe hukulala vizuri tena. Ulipeleka ombi kwa wakubwa. Ofisi hii ikasema daraja ni la ile, ile ikasema ni la nyingine, na hiyo nyingine ikasema tungoje. Ukarudi ukavua viatu, ukasema, "Sawa. Jumamosi ni salongo." Na salongo kwetu unaijua ilivyo: nyumba zote zinatoka kufanya kazi ya pamoja, na asiyetoka anatafutwa.

Hapo, mama, ndipo sisi watu wa Kivu tulipokuwa na ujuaji wetu. Kwetu daraja la miti linafungwa kwa kamba za msituni. Babu alifunga hivyo, na daraja la babu lilituzidi sisi umri. Warundi walisema twende kuomba misumari. Sisi tukawacheka: msumari unapasua mti, msumari unashika kutu, mwenye akili anafunga kamba! Lakini Nakivale ina msitu gani? Tulichukua mafunjo ya ziwani, tukayasokota kama babu alivyosokota kamba zake, na yakatii mikononi, laini, mazuri. Kila mtu alikata. Mimi nilikata mpaka viganja vikachubuka. Mzee Nestori alishika ncha moja ya kamba na wewe nyingine, mkivutana na kutaniana. "Ninyi watu wa Kongo mnafunga daraja kama mnafunga mbuzi," akasema. Na wewe, "Mbuzi yetu haijawahi kukimbia."

Masika ya kwanza daraja lilishika. Watoto walivuka na sare kavu, wanawake walivuka na ndizi, na jioni ulipenda kwenda kusimama katikati yake, mikono nyuma, unayatazama maji yakipita chini ya miguu yako. Nadhani ndiko ndoto zangu zinakotoka. Ulikuwa na furaha isiyotaka kusemeshwa, kwa hiyo nilikaa ukingoni nikakuachia.

Lakini funjo si kamba ya msituni. Linaoza kwa ndani, nje linabaki na sura nzuri. Masika yaliyofuata Mzee Nestori alikuwa anavuka na gunia lake la maharage, fundo likaachia, miti ikafunguka, na mmoja ukamwangukia mguuni.

Tulimbeba kwa kipoyi. Warundi wana jina lao kwa ile machela ya fito na kamba, Wanyankore wana lao, lakini kitu ni kimoja, na sheria yake ni moja kwa wote. Kila nyumba inatoa bega. Mgonjwa hawekwi chini mpaka afike. Anayechoka haombi radhi, anaita tu "Bega!", na aliye nyuma anaingia chini ya mti kabla yule wa kwanza hajatoka. Siku ile walitoka Warundi, tukatoka sisi, akatoka na yule mfugaji na wanawe, hakuna aliyeulizwa ni wa nani. Mzee Nestori alikuwa anaomba samahani kwa uzito wake. Wewe ulitembea kando umemshika mkono. "Nyamaza, Nestori. Ukiongea unakuwa muzito zaidi." Alicheka na machozi yakimtoka. Barabarani gari lilimchukua mpaka hospitali mjini, kule Ruharo. Walimtunza vizuri, na mguu ukabaki, lakini haukukunjika tena.

Mwanzoni tulimlimia shamba lake, kisha kila mtu akakumbuka la kwake. Mtu aliyekuwa anaishi kwa jembe, mguu haukunjiki, watoto wanakula nini? Akaenda kudai haki. Na hati ya kuitwa mahakamani ilipofika, mama, ilikuwa na jina moja tu, lako.

Nilimchukia yule mzee. Nasema wazi, na sitajisingizia utakatifu leo. Tulikata mafunjo kijiji kizima, yeye mwenyewe alishika ncha ya kamba, halafu mtu wa kujibu awe wewe peke yako? Ulikwenda Mbarara na kurudi, ukaenda na kurudi, kila safari ukirudi mdogo kidogo. Uliulizwa nani alitoa amri ya kujenga, ukasema, "Ni mimi." Uliulizwa kama ulikuwa na idhini, ukasema hapana. Yalipokwisha, kibanda chako cha kuuzia vitenge kilikuwa kimeuzwa kulipia fidia, nawe ulikuwa umeacha kukaa mlangoni. Kijiji kilikuja kukupa pole. Kila mmoja alisema ulifanya vema, alisema hivyo akiwa amesimama mbali. Mzigo wa mwenzako kanda la usufi, nami siku zile niliwaona watu wakiubeba huo usufi kwa vidole viwili.

Ulipokiacha kiti, hakuna aliyekitaka. Fundi baiskeli alipotajwa aliinua mikono yote miwili: "Apana! Kiti ya hapa ni ya kumupeleka mutu tribunali. Mimi nina watoto." Soko likaanza kutambaa barabarani, bidoni zikaanza tena kulala kwenye mstari bila wenyewe. Kijito kikarudi kuwa mpaka. Miti ya daraja letu ilibaki ukingoni, ikamea uyoga.

Siku moja nilikuuliza kama unajuta. Ulikuwa unachambua maharage, ndani sasa, si mlangoni. Ulitoa kijiwe kimoja, ukakitupa nje. Kisha ukasema, "Nilikosa kamba, mwanangu. Daraja sikukosa." Ukaendelea na maharage yako.

Ulipougua, masika yako ya mwisho, kipoyi kilikuita na wewe. Walikuja wengi. Akaja na Mzee Nestori, na fimbo yake, anaburuta mguu kwenye tope. Nilimwambia arudi nyumbani kwake. Alimpa mtu fimbo, akaingia chini ya mti upande wa kichwa chako, akachechemea na wenzake mpaka kijitoni, na pale tukakuta maji yamejaa, tukazunguka kwa ile njia ndefu. Uliniangalia mara moja njiani, macho yako yakiwa mahali pengine tayari. Tulipofika ulikuwa umenyamaza. Siwezi kusema daraja lingekuokoa, mama. Daktari hakusema hivyo. Lakini nikiwa macho najizuia kulifikiria, na nikisinzia unavuka.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki hii, ndiyo sababu hasa ya barua.

Viongozi wa halmashauri za huku wamekutana Mbarara kukubaliana mambo ya kupeleka bungeni, sheria wanayotaka ibadilishwe. Makazi ya wakimbizi nayo yalialikwa kutuma watu, na mimi nikaitwa kuwa mkalimani. Unajua mdomo wangu, uliwahi kusema umeumbwa kwa lugha zote isipokuwa ya kunyamaza. Wakili wao ni binti mdogo wa Kinyankore, sauti ya chini, anasoma taratibu kwa Kiingereza nami nafuatia kwa Kiswahili. Jambo la kwanza: serikali kuu isizipokonye halmashauri na vijiji mamlaka ya kujiwekea sheria ndogo, za masoko, za njia, za maji. Nikaona vijiti vyako ukingoni. La pili: kiongozi aliyetenda kwa nia njema, kwa ajili ya watu wake, asishtakiwe kwa jina lake mwenyewe. Hilo nililikata katikati. Nikanywa maji, nikasema tena, kwa nguvu, wote wasikie. Lingekuwepo hilo, mama! Lingekuwepo tu!

La tatu likasema kwamba kazi yoyote ya pamoja ya kijiji isizae madai ya aina yoyote, kwa mtu yeyote. Ukumbi ukapiga makofi. Madiwani wanaogopa, na siwalaumu, kila mtaro na kila daraja bovu linawanyima usingizi. Nilitafsiri na kuongeza makofi yangu.

Kisha mtu akainuka nyuma kabisa, akishikilia kiti cha mbele yake. Mzee Nestori. Kumbe ndiye aliyetumwa kuwasemea walemavu wa zoni yetu.

"Mimi niko na swali," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Nimesikia mwenyekiti atapona. Ninafurahi sana. Sasa mwenye mguu ataenda wapi?"

Wakageuka wote kunitazama mimi, maana wasiojua Kiswahili walikuwa wananingoja. Nakuapia, nilitamani kulipunguza lile swali njiani, nilifanye dogo, nilifanye la kijinga. Lakini lilikuwa limebebwa mpaka kwangu, na zamu ilikuwa yangu. Nikalisema lote kama alivyolisema.

Yule wakili aliweka kalamu chini, akamuuliza kama ndiye aliyewahi kumshtaki kiongozi wake. Mzee akavua kofia. "Mimi sikuwa na shida na Mama. Nilikuwa na shida na mguu. Nilienda kutafuta kijiji. Wakaniambia kijiji hakina jina mbele ya sheria, nilete mtu mwenye jina. Mimi nilijua jina moja tu ambalo wote wanalijua." Akaiweka kofia juu ya kiti. "Sikujua watambebesha peke yake. Kwetu hakuna mtu anabeba peke yake."

Yale maneno nayo niliyatafsiri, mama, sijui kwa midomo ya nani. Chuki niliyokaa nayo miaka yote ile niliitafuta mahali pake pa kawaida, pale kifuani, nikapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Haikuwepo yote.

Nikaomba ruhusa niwe mtu kidogo, si mkalimani. Wakaniruhusu. Niliwaeleza juu ya kipoyi. Wanyankore walianza kutikisa vichwa kabla sijamaliza, maana ni chao pia. Nikawaambia: mnataka kuwapumzisha wabebaji, vizuri, mama yangu alikufa amechoka. Lakini msiwapumzishe kwa kumshusha mgonjwa njiani. Mwacheni kiongozi, asijibu yeye. Kijiji nacho kipewe jina, kijibu chenyewe, na halmashauri iwe nyuma yake. Tena pawe na mpaka wa madai, kisiangamizwe kijiji kizima kwa daraja moja. Na halmashauri zote ziweke mfuko wa pamoja, ili likianguka la mmoja, kila nyumba iwe imetoa bega.

Diwani mmoja akauliza, "Na sisi masikini? Kesi moja kubwa nakula pesa ya barabara yote ya mwaka." Wakili akamjibu kwamba ndiyo sababu ya mpaka, na ndiyo sababu ya mfuko. Wakabishana sana, chai ikapoa. Mwishowe lile la tatu lilifutwa, likaandikwa lingine mahali pake. Wakili alinifuata baadaye akaniambia ukweli wake: bunge liko mbali, na mswada unaweza kulala usingizi mrefu. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Nje nilimkuta Mzee Nestori amekaa kwenye ngazi. Tukaenda kibandani tukanywa maziwa ya moto, wawili. Akapuliza maziwa yake kwa muda mrefu. Halafu, akiangalia kikombe: "Lile daraja... tungeweka misumari."

Nilicheka, mama, nikacheka mpaka mwenye kibanda akaja kuangalia, na katikati ya kicheko nikaona ninalia.

Leo ni Ijumaa. Kesho naamkia Nakivale. Sijui nitajibu nini. Naiacha barua hapa, chini ya mkasi wako.

*

Jumapili.

Nimerudi, mama. Nina tope mpaka magotini na sitaki kuliosha bado.

Jana kulikuwa na ukungu ule ule wa ndotoni. Niliwakuta wamekusanyika pale pa siku zote, wamejifunika, wanaongea chini chini. Msimamizi akauliza nani anagombea. Akauliza tena. Fundi baiskeli alikuwa anachunguza kidole chake cha mguu kama ndiyo mara ya kwanza kukiona. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nikasogea mbele, nikasema, "Sijakubali. Nisikilizeni kwanza." Niliwaambia sheria niliyoisikia Mbarara ni maneno tu kwa sasa, haijafika, na huenda isifike sisi tukiwa hai. Leo nikiita salongo na mti ukivunjika, jina litakalotafutwa ni langu, kama lilivyotafutwa la mama. Nikawaambia siogopi kijito, naogopa ninyi. Ndiyo, nilisema hivyo, na bibi mmoja akaguna. Nikasema kama mnataka daraja, tuwekeane sheria yetu kabla ya ile ya bunge: atakayeumia katika salongo yetu, nyumba zote zinalima shamba lake mpaka asimame, na asiyeweza kusimama tena analimiwa maisha yake yote. Na kabla mtu hajatumwa kutafuta mwenye jina, kijiji kinakaa kwanza. Nikaongeza kwamba tunaanza na shamba la Mzee Nestori, ambalo tuliliacha njiani, na kipoyi hakiachwi njiani.

Halafu nikawageuzia mgongo, nikatazama ziwa, kama desturi ilivyo.

Hakuna kilichosogea. Nilisikia kikohozi, nikasikia mtoto akiulizwa kaptula yake iko wapi. Nakwambia ukweli, mama, nilianza kufarijika. Nikajisemea, haya, umejaribu, cherehani inakungoja Ruti, mchana utakuwa umefika. Ukungu ulikuwa unapita juu ya mafunjo taratibu, nami karibu nisinzie nikiwa nimesimama.

Kisha nikasikia fimbo ikigonga udongo, na mguu ukiburutwa nyuma yake. Ikagonga, ukaburutwa, taratibu, ikivuka uwanja wote ule. Ikasimama nyuma yangu. Mkono mzito ukanishika begani.

"Bega," akasema Mzee Nestori.

Nyuma yake nikasikia viatu. Kisha ndara, kisha miguu mitupu, mingi, ikija kutoka pande zote, na fundi baiskeli akimgombeza mtu asimsukume. Sikugeuka. Si kwa sababu ya desturi tu, uso wangu ulikuwa umejaa machozi. Walipomaliza kuhesabu waliniambia mstari ulikuwa umeingia kwenye mihogo.

Nimekubali, mama. Tulitoka pale pale, majembe mkononi, tukaanza na shamba lake. Hilo ndilo tope unaloliona. Jumamosi ijayo tunakata miti. Mfugaji, yule yule, amesema atatoa mikaratusi yake iliyokauka, na habari ya kufungia haikuwa na ubishi hata kidogo: misumari. Mzee Nestori amesema atasimama pale akiuona kila mmoja ukiingia.

Basi nakuaga kwa leo. Pumzika, na umsalimie baba kama mko karibu. Ukinijia tena mchana juu ya maji, usivuke kwanza. Safari hii mimi ndiye ninayekuinulia kiganja. Ngoja kidogo ng'ambo hiyo, tunaleta miti.

Ni mimi,
kitinda mimba wako